Peoni nyeupe ya uani: nilivyoifukia nikakosa maua miaka mitatu

Tuliponunua nyumba hapa Indiana, Marekani, kwenye kona ya ua palikuwa na kichaka nilichokidhania magugu. Jembe liko mkononi, jirani yetu, bibi mmoja mtu mzima, akaja mbio hadi kwenye uzio: usithubutu! Nikaliweka jembe chini. Mwezi wa tano kichaka kikachanua maua meupe, petali juu ya petali, kila ua pana kama sahani, na katikati vidoa vyekundu vichache, utadhani mshonaji kajichoma sindano juu ya shuka mpya. Harufu ilifika mpaka jikoni.

Vidoa hivyo ndivyo vilivyonipa jina lake: Festiva Maxima, peoni iliyotolewa na mkuzaji maua Miellez huko Ufaransa mwaka 1851. Ikiwa yako ni nyeupe tupu yenye umanjano kwa ndani, huenda ni Duchesse de Nemours, ya mkuzaji mwingine, Calot, 1856. Nayo nzuri, ila mimi vidoa vyangu sivibadilishi.

Sasa kosa langu. Kona ile ilikuwa na kivuli, nikaihamishia penye jua. Wazo zuri, ila nilifanya hivyo majira ya kuchipua, tena nikaifukia shina lote, maana nilikotoka mche ukifukiwa vizuri ndio unashika. Mwaka wa kwanza majani. Wa pili majani. Wa tatu, majani mazuri ajabu! Bibi wa jirani akachokora udongo kwa kidole, akatikisa kichwa.

Shina la peoni la chini ya udongo lina macho, kama ya kiazi, mekundumekundu. Macho hayo yakae sentimita 5 chini ya udongo, yasizidi. Yakizama zaidi, mmea unaishi vizuri tu lakini hauchanui. Nikaichimbua Septemba, wakati wake hasa wa kuhamishwa, nikaigawa vipande vyenye macho matatu hadi matano, nikapanda juujuu. Hata hapo nikasubiri miaka miwili. Ikishatulia iache hapo hapo. Peoni inaweza kumzika aliyeipanda.

Sisimizi watajaa kwenye vichomozo, yaani maua ambayo hayajafunguka. Usiwapulizie dawa, wanalamba utamu tu. Adui ni ukungu wa kijivu: vichomozo vinageuka vyeusi na kukauka kabla ya kufunguka. Majani yakishakauka mwisho wa mwaka, kata yote hadi chini, uyatupe mbali, wala usiyageuze mbolea. Na mvua! Ua zito namna hii likinyeshewa linalala matopeni, kwa hiyo weka pete ya waya mapema, mashina yakiwa bado mafupi.

Shangazi yangu yuko Tanga, kaomba kipande cha shina. Ilinibidi nimwambie, shikamoo shangazi, hili ua linataka wiki nyingi za baridi kali ndipo lichanue. Hakufurahi. Nikamtumia picha.

Hapa Indiana peoni ndilo ua la jimbo tangu 1957, na huchanua karibu na Siku ya Kumbukumbu, Jumatatu ya mwisho ya Mei, watu wanapopeleka maua makaburini. Bibi wa jirani siku hizi hawezi kuinama, kwa hiyo namkatia mimi ya kaburi la mumewe: vichomozo vikiwa laini kama donge la maandazi lililoumuka, na majani ya kutosha nayaacha kwenye mmea. Nikimkabidhi, kabla ya asante, anauliza kama nimewakung'uta sisimizi.