Maswali na majibu: Python na mwongozo wa PEP 8

*Programu yangu inafanya kazi vizuri, lakini mkuu wangu kairudisha kwa sababu "haifuati PEP 8". PEP 8 ni sheria?*

Si sheria. Ni mwongozo wa mtindo wa kuandika msimbo, yaani maandishi ya programu, kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Kompyuta haijali mengi ya mtindo huo. Anayejali ni atakayesoma kazi yako ukiwa likizo. Guido van Rossum, muasisi wa Python, na wenzake waliuandika mwaka 2001 kwa ajili ya maktaba ya Python yenyewe (msimbo unaokuja pamoja na Python), watu wengine wakaupokea. Wenyewe unakiri kwamba mradi wenye taratibu zake ufuate hizo. Kwa hiyo muulize mkuu wako, kwa adabu, taratibu za timu zimeandikwa wapi.

*Tab au nafasi?*

Unapoingiza mstari ndani, tumia nafasi nne, si kitufe cha Tab. Ukichanganya hovyo, toleo la Python 3 linagoma. Tab ina tabu zake.

*Skrini yangu ni pana kama mlango. Kwa nini mstari uishie herufi 79?*

Ni urithi wa skrini za zamani za herufi 80, ila faida ingalipo: unafungua mafaili mawili ubavu kwa ubavu. Timu ikikubaliana, mwongozo unaruhusu hadi 99. Programu ya Black, inayopanga msimbo yenyewe, huweka 88. Mimi nimeiachia Black, nikapumzika na ubishi.

*Naruhusiwa kutumia majina ya Kiswahili?*

Swali hili nalipenda. PEP 8 inawaomba wasiozungumza Kiingereza waandike maelezo yaliyomo ndani ya msimbo kwa Kiingereza, isipokuwa wawe na uhakika wa asilimia 120 kwamba msimbo hautasomwa na asiyejua lugha yao. Asilimia 120! Basi kama unatengeneza mfumo wa nauli za daladala na timu yote ni ya Kiswahili, `hesabu_nauli` inaeleweka upesi kuliko Kiingereza cha kubahatisha. Majina ya fanksheni (vipande vya msimbo vinavyofanya kazi fulani) yawe kwa herufi ndogo na mstari wa chini, ya klasi (violezo vya kuundia vitu) yawe kama `TiketiYaBasi`. Kinachonikera ni `hesabu_nauli` kukaa jirani na `getAbiria`: lugha mbili, mitindo miwili, faili moja. Ila ukitaka kuchangia mradi wa dunia nzima, andika Kiingereza.

*Nimerithi msimbo mchafu wa miaka mingi. Niusafishe wote?*

Usiguse kinachofanya kazi kwa ajili ya urembo tu. Ukilazimika, usafi uuwasilishe peke yake, usiuchanganye na marekebisho ya hitilafu. Anayekagua hataliona badiliko lenye maana kati ya mistari mia tano iliyosogezwa nafasi mbili.