Vyombo vinavunjika kabla hamali hajafika

Nimehama mara tatu. Mara ya kwanza kutoka Wete, Pemba, kuja Unguja kwa boti, nikiwa bibi harusi wa miezi minne. Mara ya pili kutoka ghorofa ya pili Mkunazini, Mji Mkongwe, kwenda Fuoni. Mara ya tatu Fuoni kwa Fuoni, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Sasa hesabu ya hasara. Safari ya kwanza: sahani tisa, bilauri nisizozihesabu kwa uchungu, na buli nililopewa na mama mkwe. Ya pili: kibia kimoja, yaani kifuniko cha chungu, na kikombe kimoja cha kahawa. Ya tatu: hakuna kitu.

Zile sahani tisa zilikuwa kati ya kumi na mbili. Nilizipanga kwenye katoni kama zilivyokuwa zikikaa kabatini, moja juu ya nyengine, kipande cha gazeti baina yake, kisha nikaizungushia selotepu mpaka katoni ikapendeza. Bandarini Malindi hamali akaitua, si kwa kuitupa, aliitua tu, nami nikasikia ndani kitu kinasema. Nilimlaumu mtu wa watu kwa mwezi mzima. Mpaka siku nilipomsimulia mama kwa simu, akanikata katikati ya maneno: "Ulizilaza au ulizisimamisha?"

Nilizilaza. Sahani iliyolala chini inabeba zote za juu yake, na katoni ikitua kwa kishindo kidogo tu, yule wa chini anapigwa na uzito wa wenzake kumi na mmoja. Ikisimama kwa ukingo, kila sahani inajibeba yenyewe. Kwa hiyo zisimamishe kama madaftari kwenye mkoba wa skuli, kila moja imevikwa nguo yake, makombe makubwa ya pilau pembeni na visahani vya chai katikati.

Lakini kusimamisha peke yake hakutoshi. Kinachovunja vyombo ni nafasi. Chombo kikipata pa kucheza kitacheza, na kikicheza kitagonga. Chini ya katoni weka tandiko zito, kama kimo cha ngumi, la nguo au gazeti lililofinyangwa. Jaza pembeni, jaza baina, jaza juu. Kisha funga mdomo wa katoni bila ya kuubandika, ubonyeze kwa kiganja. Ukizama, bado kuna nafasi. Ukiwa umetuna, umezidisha, na kitu kizito kikiwekwa juu yake ni vyombo vitakavyobeba. Halafu inyanyue uitikise taratibu. Ikisema, ifungue upya. Najua ni usiku na umechoka. Ifungue.

Tandiko hilo usilinunue. Nyumba ya Kizanzibari ina kanga za kutosha kufungia vyombo vya mtaa mzima, na kanga zenyewe lazima zihame, kwa nini zisafiri peke yake? Taulo, mashuka, foronya, vyote vifanye kazi. Gazeti ni zuri kwa kufinyanga na kujazia, ila wino wake unahamia kwenye vyombo vyeupe, utaviosha vyote ukifika. Sahani zenye mstari wa dhahabu mimi huzivisha kanga kuukuu tu. Trei za mayai omba kwa muuza mayai, wengi wao wanazo zimewajaa. Kitako cha kikombe cha kahawa kinakaa vizuri ndani ya shimo la yai, na kati ya safu na safu unaweka trei nyengine. Katoni zenyewe zitafute sokoni, Darajani au Mwanakwerekwe, uchague ndogo zilizo ngumu. Katoni kubwa inashawishi: utaijaza, halafu hakuna wa kuibeba kwa adabu. Kipimo changu ni kwamba nisiyoweza kuinyanyua peke yangu naipunguza.

Makumbi ya nazi je? Bibi yangu Pemba alifungia vyungu kwa makumbi yaliyopondwa na majani makavu ya mgomba, ndani ya pakacha, na vilifika. Nami nakubali, kwa vyungu. Kwa sahani nyeupe sikushauri, kwa sababu makumbi yakipata maji yanatoa rangi ya kahawia, na usipoyaanika vizuri unahama na wadudu.

Vyungu vinahitaji subira kuliko vyombo vyote. Udongo unakunywa maji. Mtungi uliokuwa na maji jana, leo ukiumimina utadhani ni mtupu, kumbe umebeba maji ndani ya ngozi yake, mzito na dhaifu. Uache kivulini siku tatu nne mpaka ukauke kweli. Jaza tumbo lake nguo, si kwa kushindilia, kiasi cha kulijaza tu. Usiubebe kwa shingo wala ukingo, upokee kwa chini, mikono miwili, kama mtoto mchanga. Chungu kidogo kinaweza kuingia ndani ya kikubwa kukiwa na taulo baina yao. Kibia chake kivue ukifunge mbali. Mimi niliona kinakaa vizuri juu ya chungu, nikakiacha hapo, na hicho ndicho kilichovunjika safari ya pili.

Bilauri zisimamishe, usizilaze, na ndani ya kila moja tia soksi au kitambaa. Chupa za achari na samli: fungua kifuniko, tandika kipande cha nailoni juu ya mdomo, kaza kifuniko juu yake, na zisafiri wima ndani ya ndoo. Jagi la blenda litoe kwenye mashine yake. Mtungi wa gesi ufungwe, mpira uvuliwe, usimame, tena mbali na kila kitu. Na mbuzi ya nazi, tafadhali, lifunge lile jino lake kwa tambara nene. Langu lilitoboa katoni ya jirani yake.

Sasa hamali. Pale Mkunazini gari haifiki mlangoni, vyombo vinateremka ngazi za mbao zilizosimama kama ukuta, kisha vinapita vichochoro kwa mkokoteni mpaka barabarani. Mimi nilikuwa nimeandika juu ya katoni kwa Kiingereza, kama nilivyoona kwenye mizigo ya madukani, na hamali wa kwanza akaweka kinu juu yake. Kulikuwa na wazee watatu barazani wakitazama, mmoja akaniambia, "Mwanangu, mwambie kwa mdomo." Nikamwambia: "Ami, hizi nne ni vyombo vya udongo, naomba ziwe za mwisho kupanda na za mwanzo kushuka." Akaitikia, "Haya bi mkubwa, ungesema toka mapema." Akazibeba moja moja. Tangu hapo naandika VYOMBO pande zote nne, kwa Kiswahili, na bado nasema kwa mdomo. Mpatie na maji ya kunywa, jamani, ngazi zile si mchezo.

Mvua usicheze nayo. Masika katoni ikikaa sakafuni penye maji kwa nusu saa, kitako kinalainika, na utakapoinyanyua utabaki na kuta nne mkononi. Ikibidi kuhama wakati huo, vyombo vitie kwenye mabeseni na ndoo za plastiki.

Safari ya tatu nilikodi gari ya ng'ombe. Wengine walicheka. Ila kwa njia za ndani za Fuoni, zenye mashimo, mwendo wa ng'ombe ulinifaa kuliko pikapu yenye dereva anayewahi abiria mwengine.

Ukifika usitupe karatasi kabla ya kukunjua kila kipande. Kile kikombe changu cha kahawa cha safari ya pili hakikuvunjika njiani. Nilikitupa jalalani ndani ya gazeti lake, nikasikia kikipasuka huko.

Na kabla hujafunga chochote, vigonge vyombo vyako kwa ukucha, kama tunavyogonga chungu sokoni kabla ya kukinunua. Kizima kinalia. Chenye ufa kinajibu kwa sauti ya kufa, hata kama jicho halioni kitu. Hicho kiweke pembeni, usije ukamdai mtu fidia ya ufa uliotoka nao nyumbani. Mtungi wa bibi niliugonga asubuhi ya kuhama, nikaugonga tena jioni nilipoushusha kwenye gari ya ng'ombe. Ulilia vile vile. Nikautia maji, nikayamwaga ya kwanza, nikautia mengine, tukanywa kesho yake asubuhi.