Eagles imeshinda, wameshinda au tumeshinda?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Philadelphia. Kabla ya Super Bowl ya Februari 9, 2025, ile fainali ya mchezo ambao Wamarekani huuita football, Philadelphia Eagles dhidi ya Kansas City Chiefs, kundi letu la familia la WhatsApp liligawanyika. Shemeji yangu ni Mkongo wa Bukavu na anaishi Kansas City, basi yeye Chiefs. Mimi niliandika “naishabikia Eagles”. Binamu yangu wa Nairobi akanisahihisha: Eagles ina s ya wingi, kwa hiyo niseme “nawashabikia”. Kaka yangu aliyeko Tanga akasema sote tumekosea, inatosha “nashabikia Eagles”. Shemeji naye anaandika “Chiefs batashinda”. Mama, ambaye hakutaka kumuudhi mtu, akaandika “mimi sichukui upande”, likazuka jingine. Mechi imekwisha zamani, ubishi bado. Nani yuko sahihi? Na mchezo wenyewe kwa Kiswahili tuuiteje?

JIBU: Marahaba. Katika kundi lenu hakuna aliyevunja sarufi. Aliyekosea ni binamu yako wa Nairobi, naye hakukosea kauli, amekosea sababu.

Hiyo s ya mwisho ni mali ya Kiingereza na haivuki mpaka. Kama tungekuwa tunaifuata, “Arsenal wamefungwa” lingekuwa kosa, maana Arsenal haina s, na mashabiki wa Miami Heat ya mpira wa kikapu wangekosa hata pa kuanzia. Kiswahili hakitazami herufi ya mwisho ya jina la timu. Kinatazama msemaji ana nini kichwani anapolitaja. Akifikiria klabu, nyuma ya jina hilo limejificha neno “timu” au “klabu”, yote ya ngeli ya I-ZI: Eagles imeshinda, Eagles iliyotwaa ubingwa, Eagles yetu. Akifikiria vijana waliomo ndani ya jezi, wanaingia watu wa A-WA: Eagles wameshinda, Eagles waliotwaa ubingwa.

Ushahidi mzuri uko Kariakoo. Simba wa porini ni A-WA, na hakuna mtoto anayesema “simba imekula mbuzi”. Lakini klabu ya Msimbazi, ambayo hadi 1971 ilikuwa ikiitwa Sunderland, magazeti ya Tanzania huiandikia “Simba imesajili” na “Simba yaichapa Yanga”. Jina ni la mnyama, mnyama mwenyewe tunamjua, na bado ngeli imehamia kwenye klabu. Ile ya- ya vichwa vya habari ni i- hiyo hiyo iliyoungana na -a- ya wakati uliopo, na wahariri wa michezo wanaipenda kwa kuwa ni fupi na ina kishindo. Kenya mazoea yameelekea kwingine. Kurasa za michezo za huko zinapenda wa-: “Gor Mahia walitoka sare”, “Harambee Stars wamefuzu”. Kwa hiyo sikio la binamu yako limelelewa na wa-, akaona aitafutie sababu, akaiokota kwenye ile s. Ninachokikataa mimi ni kuchanganya ndani ya sentensi moja, kama “Eagles yetu wamecheza vizuri ikashinda”. Mdomoni yanapita. Kwenye maandishi chagua moja, uende nayo hadi nukta.

Sasa wewe na kaka yako. Kwa kitu kisicho na uhai, kiambishi cha mtendwa mara nyingi ni cha hiari, na hiari hiyo ina maana yake. “Nimenunua jezi” unamwambia mtu asiyejua habari za jezi yoyote. “Nimeinunua jezi” unamwambia anayeijua jezi yenyewe, ile mliyoizungumza jana. Kaka yako angekuwa anajibu swali la mgeni, “nashabikia Eagles” ingemtosha kabisa. Lakini ndani ya kundi ambalo kila mmoja alishajua kuna Eagles na kuna Chiefs, hakuna ya tatu, “naishabikia” yako ndiyo inayokaa vizuri zaidi. Kwa mtu mwenye jina lake, hiari hiyo karibu haipo. Mwanariadha anashabikiwa kwa -m-, kama huyu aliyeichezea Eagles fainali hiyo: “namshabikia Jalen Hurts”. Ukisema “nashabikia Jalen Hurts” utaeleweka, ila sentensi itachechemea.

Kuna umbo jingine ambalo hamkulitaja, nami nashangaa, kwa sababu sidhani kama lilikosekana siku ile. Eagles ilikwenda mapumziko ikiongoza 24-0, na mwisho ikawa 40-22. Mchezo ulianza saa kumi na mbili na nusu jioni kwa saa za Philadelphia, yaani saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu kwa Tanga. Kaka yako alipoamka na kuona matokeo, aliandika “Chiefs imefungwa”? Nabashiri aliandika “Chiefs kapigwa!” Huyo ni mmoja, tena ni mtu. Hiyo ka- ya mtaani inasimama badala ya a- na -me-, kapigwa ni amepigwa, na ndiyo lugha ya utani wa jadi. Novemba 2023 Yanga ilipoifunga Simba 5-1, magazetini Simba ilifungwa, lakini vijiweni “Simba kala tano”. Timu ya mtani inageuzwa mtu mmoja mwenye mwili ili aweze kupigwa, kununa na kukosa usingizi. Klabu iliyosajiliwa haiwezi kununa. Mtani anaweza. Mwandishi wa habari akae mbali na umbo hili, lakini mwalimu wa lugha anayelifuta kwenye kundi la familia hajui kazi yake.

Na juu ya yote hayo ipo tu-.

Shabiki aliyekolea hasemi imeshinda, hasemi wameshinda. Anasema tumeshinda. Hakugusa mpira, hakuwahi kuukanyaga mji wa New Orleans ilikochezwa fainali, alikuwa sebuleni na bakuli la bisi, lakini “tumewapiga arobaini”. Upande wa mtu hauko katika kitenzi kushabikia, uko katika kiambishi kinachotangulia shina. Ukitaka kujua nani ni nani katika kundi lenu, usimuulize mtu. Pitia ujumbe wake baada ya matokeo usome viambishi. Tena siku ya kufungwa ndiyo siku ya kusoma kwa makini: shabiki lialia anabaki palepale na “tumefungwa”, na shabiki maandazi anakuwa ameshahamia “wamefungwa” kabla ya kipenga cha mwisho. Wamarekani walilichunguza jambo hili katika mchezo huu huu. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti uliohusu pia wanafunzi wa chuo kikuu waliopigiwa simu na kuulizwa matokeo ya mechi za timu ya chuo chao. Neno la “sisi” lilijitokeza zaidi wanaposimulia ushindi kuliko wanaposimulia kipigo. Kwao ilibidi kuhesabu maneno. Kwetu ni silabi moja, nayo haifichiki.

Ndiyo maana hata swali la kijiweni Dar es Salaam mara nyingi halina kushabikia ndani yake. Mtu haulizwi “unaunga mkono timu ipi”, anaulizwa “wewe timu gani?” Naye anajibu “mimi Yanga”. Wewe mwenyewe umeandika juu ya shemeji yako “basi yeye Chiefs”, bila kitenzi, wala hukujishtukia. Hiyo ni sentensi kamili ya Kiswahili. Kuunga mkono tuwaachie wagombea, hoja na miswada. Kushangilia ni kelele za wakati huo huo, mchezaji akivuka mstari na mpira mkononi, na unaweza kumshangilia hata asiye wako kwa uhodari wake. Kushabikia ni hali inayodumu hata Julai, timu ikiwa likizo. Na aliyepindukia hapo, Watanzania wana neno mnazi, na ugonjwa wake ni unazi.

Shemeji yako msimguse. Kiswahili cha Bukavu kina ba- mahali ambapo sanifu ina wa-: batu, batoto, banacheza. “Chiefs batashinda” ni “Chiefs watashinda”, kwa hiyo yeye na binamu wa Nairobi wako kambi moja ya sarufi na hawajajuana. Akiandika ripoti ya ofisi kwa Kiswahili sanifu ataweka wa-. Kwenye simu ya familia ba- iko nyumbani kwake. Alichokosea ni matokeo tu.

Tuje kwa mama. “Sichukui upande” nasikia Kiingereza kikipumua chini yake. Upande kwa Kiswahili hauchukuliwi. Mtu huwa upande fulani, huuegemea au huuelemea: niko upande wa Eagles, siegemei upande wowote, mimi sina upande. “Kuchagua upande” linakubalika, hasa mtu akiwa kweli na nafasi ya kuchagua. “Kupendelea” muwe nalo makini, kwa sababu lina harufu ya dhuluma. Mwamuzi hupendelea, shabiki haitwi mpendeleaji. Lakini simlaumu mama, dhamira yake ilikuwa njema, na mwenye watoto katika miji miwili hana namna.

Kwa kweli mama mwenzake yupo, tena anajulikana dunia nzima. Februari 2023, timu hizi hizi zilipokutana katika fainali huko Glendale, Arizona, Jason Kelce alikuwa akiichezea Eagles na mdogo wake Travis akiichezea Chiefs. Mama yao, Donna Kelce, alikwenda uwanjani na koti lililogawanywa katikati, nusu Eagles nusu Chiefs. Hapo “sina upande” isingefaa. Asiye na upande ni mtazamaji aliyefuata muziki wa mapumziko. Donna alikuwa pande zote mbili, kauli yenye uzito tofauti kabisa, maana asiye na upande hapotezi chochote na mwenye pande mbili lazima alie kidogo. Chiefs ilishinda 38-35. Nami huwa najiuliza, angekuwa mwenzetu wangemwitaje? Mama Jason, bila shaka, kwa jina la mkubwa. Yaani majirani wangekuwa wameshamvika jezi ya Eagles kabla hajafungua kabati.

Kuna kundi la watu mlilolisahau, na Kiswahili kina kitenzi chake. Chiefs ilikuwa imetwaa ubingwa 2023 na 2024, na hakuna timu iliyowahi kushinda Super Bowl tatu mfululizo. Basi 2025 wengi wasio na ndugu wala nyumba Philadelphia walitaka tu mwendo huo ukatike. Usiseme hao “waliishabikia Eagles”. Sema “waliiombea Chiefs ifungwe”. Kuombea kunabeba dua na husuda kwa pamoja, na hudai kitenzi cha pili kiishie na -e: ifungwe, washindwe, apigwe. Atakayetaka mfano wa hapa karibu aende uwanjani Yanga inapocheza na wageni kutoka nje ya nchi, aone watu wa Msimbazi walivyowapenda wageni hao ghafla.

Mtu ataniuliza, kwa nini tusiziite Tai na Machifu, tukamaliza habari ya Kiingereza? Kama lakabu, ruksa, na kwa lakabu ngeli hurudi kwa viumbe: “Tai ametua New Orleans”, “Machifu wavuliwa taji”, kama vile Simba kwa lakabu zake, Wekundu wa Msimbazi “wanavyowasili” na Mnyama “anavyounguruma”. Kama jina rasmi, siafiki. Chiefs ilichukua jina lake kutoka kwa lakabu ya H. Roe Bartle, meya wa Kansas City aliyeivutia timu hiyo kutoka Dallas mwaka 1963, na Eagles ya 1933 ilimfuata tai wa bluu aliyekuwa nembo ya mpango wa serikali ya Roosevelt wa kufufua uchumi. Ukitafsiri unabaki na ndege na wazee wa kijiji, historia yote imeruka.

Jina la mchezo nalo lina mtego. “Kandanda ya Kimarekani” au “soka la Marekani” msomaji atalielewa kama ligi ya soka anayochezea Messi. “Mpira wa miguu wa Kimarekani” ni kichekesho, kwani mguu wenyewe hugusa mpira kwa nadra. Mimi naandika “futiboli ya Kimarekani” mara ya kwanza, halafu “mchezo huo” hadi mwisho wa makala. Super Bowl muiache ilivyo, ngeli ya I-ZI, bila kuitafutia bakuli, na zile namba za Kirumi muwaachie wenyewe: mliyobishania ninyi ni Super Bowl ya 59.