Kibweta na Herufi za Jina: Maswali Yenu na Majibu Yangu

Maswali ya vibweta vya kumbukumbu, visanduku vinavyobandikwa kitambaa kilichodariziwa herufi za jina, yamerundikana, basi leo nimeyatoa yanayowafaa wengi. Waliouliza namna ya kujaza bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, sikuwajibu. Kakaeni na fundi wa darizi kutwa moja, mtayajua hayo na mengine.

"Mdogo wangu Zuhura anaolewa. Babake ni Faki, babu yetu Kombo. Mumewe ni Hamad, na jina lake la mwisho ni Makame. Kwenye intaneti nimeona mfano wa herufi tatu, ya katikati kubwa. Niandike Z M F?" (Wete)

Usiandike hivyo, mwanangu. Mpangilio huo una kwao. Uingereza na Marekani ile herufi kubwa ya katikati ni ya jina la ukoo, na mwanamke wa kule akiolewa mara nyingi huchukua la mumewe. Kwetu jina la tatu ni la babu, na mwanamke haachi jina la babake kwa sababu ya ndoa. Zuhura binti Faki ni binti Faki akiwa kwa mumewe, ni binti Faki akiwa mjane. Ukimwekea M katikati umempa babu wa watu wengine, tena umemkuza kuliko mwenyewe. Hata ukitia K ya Kombo pale katikati, babu atakuwa mkubwa na mwenye kibweta atabanwa pembeni.

Nimewahi kumwona bibi mmoja siku ya kutoa vyombo, amekipakata kibweta cha mjukuu wake, anapitisha kidole juu ya herufi ya katikati. Akauliza, "Hii ya nani?" Chumba kizima kimya.

Andika Z F K kwa mstari mmoja, urefu mmoja, kwa mfuatano uleule tunaomwita. Au weka Z peke yake, sentimita 5, na shada la asumini kuizunguka. Ukitaka mume awemo, basi Z na H ya Hamad, sawa kwa sawa, majina yao wenyewe.

"Khadija: K au Kh?" (Jang'ombe)

Kh. K kubwa, h ndogo. Herufi hizo mbili ni sauti moja, na huenda nyumba hiyohiyo ina Kassim.

"Nina picha ya herufi nzuri kwenye simu. Nikiitia kwenye flashi mashine itaidarizi?" (Darajani, Mkoani, Chake Chake, na wengine)

Hili nimelijibu mpaka nimechoka. Haitaidarizi. Mashine haioni picha. Inafuata maagizo ya sindano: sogea hapa, choma, rudi, kata uzi. Lazima mtu aikalie picha hiyo kwenye programu aigeuze kuwa mishono, aamue kila mshono ulale upande gani. Faili nalo liwe la mashine yako: PES kwa mashine za Brother, JEF kwa za Janome. DST ya Tajima inasomwa na mashine nyingi za biashara, ila haibebi rangi zake, kwa hiyo ukiona herufi ya kijani kwenye kioo cha mashine na wewe ulitaka dhahabu, faili halijaharibika.

Na msikuze herufi kwenye kioo cha mashine mnavyokuza picha kwenye simu. Ukipita asilimia 20, kwenye mashine nyingi mishono inaachana na kitambaa kinachungulia katikati. Tafuta faili la ukubwa unaoutaka tangu mwanzo.

"Nataka jina la baba kwa herufi za Kiarabu. Programu yangu inazo. Kuna ubaya?" (Mlandege)

Upo, na mkubwa. Programu nyingi za darizi zinapanga herufi kama za Kiingereza, moja moja, kutoka kushoto. Kiarabu kinatoka kulia na herufi zake zinashikana. Ziko sita tu zisizoishika inayofuata: alif, dal, dhal, ra, zai na wau. Mimi mwenyewe nililetewa kifuniko cha mahameli nyekundu, uzi wa dhahabu, kazi safi ya mkono. Jina lilikuwa Muhammad. Nilipolisoma nikakuta dal, mim, ha, mim, kila moja imesimama mbali na mwenzake. Fundi hajui Kiarabu, aliyeagiza hakutazama. Mahameli haifumuliki ikarudi ilivyokuwa. Matundu ya sindano yanabaki. Kitambaa kile kilikwenda bure.

Mwendee mwenye khati nzuri, madrasa zetu hazikosi, akuandikie jina zima kwa kalamu nene. Hiyo ndiyo igeuzwe kuwa mishono. Kisha mpe mtu wa pili asome kwenye karatasi kabla mashine haijawashwa. Na kama jina ni Abdullah au jengine lenye jina la Mwenyezi Mungu ndani yake, kibweta hicho kisikae sakafuni wala uvunguni.

"Herufi zangu zinazama kwenye mahameli." (Chukwani)

Manyoya yanazimeza. Juu ya kitambaa tandika plastiki nyembamba inayoyeyuka kwa maji, chini weka karatasi ngumu ya kuegemezea. Usiibane mahameli kwenye fremu ya kudarizia, itabaki na alama ya duara. Bana karatasi peke yake, kisha ishikize mahameli juu yake. Herufi ziwe nene. Lakini upana wa mshono ukifika milimita 8, ugawe katikati, maana nyuzi ndefu namna hiyo zitanaswa na bangili siku ya kwanza.

Wanaoanza waanze na marikani au pamba nzito. Kanga, hapana. Maua yake yanazifunika herufi, na nimekuta watu wanakata hata jina la kanga lipite kwenye kona ya kisanduku, nusu sentensi huku, nusu kule. Kanga ina maneno yake tayari, iacheni iseme.

"Nidarizi kwanza au nibandike kwanza?" (Fuoni)

Darizi kwanza. Acha kitambaa kizidi sentimita 4 kila upande.

"Umeme ukikatika katikati ya herufi?" (Wete)

Usiguse fremu. Umeme ukirudi, rudisha nyuma mishono 10 kisha endelea.

"Kisanduku cha boksi gumu kinatosha?" (Mkoani)

Kitatosha mpaka masika. Machi mpaka Mei hewa yetu inakilegeza, kifuniko kinapinda, na kitambaa kinaota kuvu kwenye mikunjo. Kachonge cha mbao, mfenesi au mninga, hata kama ni kidogo. Gundi iwe nyeupe ya mbao, nyembamba, upande wa ndani tu. Gundi ya viatu iacheni kwa washona viatu: inapenya kitambaa na baadaye inatoa doa la kahawia. Ukimaliza, kiache wazi siku mbili kikauke.

"Niweke karafuu ndani kuzuia wadudu?" (Chake Chake)

Weka, lakini kwenye kifuko cha marikani, mbali na satini, kwa kuwa mafuta ya karafuu yanatia doa. Picha utakazoziweka humo zifunge mbali, kwa karatasi yake.

Kuna jambo hukuniuliza, nalo wengi wanalisahau. Chukua karatasi ndogo, andika kwa penseli jina zima la mwenye kibweta, la babake na la babu, tarehe ya harusi kwa Kiislamu na kwa miladi, na jina la aliyedarizi. Ishikize kwa mishono minne chini ya bitana ya kifuniko, kabla hujaifunga.