Kwa mnaoanza kukunja katalogi za maonyesho ya sanaa

Wadogo zangu, kabla hujawasha kompyuta, chukua karatasi tupu, ikunje mbele na nyuma kama kodiani ya wapiga taarabu, isimamishe mezani kisha uizunguke. Utaona kwamba ukurasa wa kwanza na wa tano huonekana kwa pamoja, na ukiinyoosha yote, maonyesho mazima yamo mbele yako kama ukuta. Katalogi hii ni kazi ya sanaa yenyewe. Msiifanye orodha ya bei.

Mwaka 1966 msanii Ed Ruscha wa Marekani alikunja hivyo kitabu chenye urefu wa zaidi ya mita 7, chenye picha za majengo ya pande zote mbili za barabara moja ya Los Angeles. Barabara ndefu, kitabu kirefu. Mimi umbo langu nililipata Kitonga, mlima wenye barabara ya kona nyingi. Mchoraji mmoja wa hapa Iringa aliniletea picha 8 za mlima ule, nikaunganisha lami ivuke kutoka ukurasa hadi ukurasa, kila mkunjo ukawa kona.

Nikachapisha nakala 40, na zote zikaharibika. Nilikunja kinyume na nyuzi za karatasi, zile zinazolala upande mmoja ndani yake, rangi ikapasuka, mstari mweupe ukakata lami kwenye kila kona. Niliumia sana, maana mchoraji alikuwa amesimama pembeni yangu.

Kwa hiyo shikeni hili kuliko yote. Pinda karatasi taratibu bila kuikunja, kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaopinda kwa ulaini ndio unaofuata nyuzi, na mikunjo yako ifuate huko huko. Karatasi moja ya A2 (milimeta 594 kwa 420) ukiikata katikati ya upana wake inatoa vipande viwili vya milimeta 594 kwa 210. Kila kimoja kiachie milimeta 10 za gundi mwishoni, zinabaki kurasa 4 za milimeta 146; ukiunganisha vipande vyote viwili ni kurasa 8 zenye mikunjo 7. Nyuzi lazima zisimame na ule upande wa milimeta 210. Pima kila mkunjo kuanzia ukingo uleule. Ukipima kutoka mkunjo hadi mkunjo, kosa la milimeta 1 linakuwa 7 ukifika mwisho. Chora mkunjo kwanza kwa rula na kalamu iliyoisha wino, ndipo ukunje.

Sura ya mtu isikae kwenye mkunjo.

Jalada gundisheni ukurasa wa kwanza na wa mwisho tu, ili mgeni aweze kuinyoosha. Kisha ilazeni chini ya matofali mpaka asubuhi, hasa miezi ya mvua, maana karatasi yenye unyevu hujikunja inavyotaka yenyewe.