Unaanza kuandika matangazo Dodoma? Usijifiche nyuma ya Ibara ya 18

Vijana wanaoingia kwenye kazi hii, hasa waliosoma sheria pale UDOM, huja na Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania mdomoni. Mteja akiambiwa bango lake lina shida, wanasema ana uhuru wa maoni. Anao kweli. Ila endelea kusoma mpaka Ibara ya 30, inayoruhusu sheria kuwekea haki hizo mipaka kwa ajili ya afya ya jamii na haki za wengine.

Wengine watakutajia Marekani, kana kwamba huko kila kitu ni ruksa. Mwaka 1942 Mahakama ya Juu ya huko ilisema tangazo la biashara halina kinga ya katiba. Mwaka 1976 ikageuka: jimbo la Virginia lilikuwa limewakataza wafamasia kutangaza bei za dawa, mahakama ikasema mnunuzi ana haki ya kuzijua. Kesi ya Central Hudson ya 1980 ikaweka maswali manne, na la kwanza ndilo ulishike: je, tangazo linahusu jambo halali na halipotoshi? Likikwama hapo, mengine hayaulizwi.

Kwetu kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC). Haisubiri mtu atapeliwe kwanza. Inatosha tangazo liwe linaelekea kupotosha.

Sasa chukua lebo ya mafuta ya alizeti, maana huku kwetu na Singida hizo zitakufikia tu. Mteja anataka "Hayana lehemu", yaani kolesteroli. Sawa, mafuta ya mimea kwa asili hayana lehemu ya kutajika. Akitaka "Hayana lehemu, si kama mengine", mwambie hapana: ya jirani yake yamekamuliwa kwa alizeti hiyohiyo, nayo hayana. Kila neno unaweza kulitetea, lakini mama anayesoma dukani ataondoka na picha ya uongo. Akiongeza "Yanatibu presha", ameshatoka kwenye chakula, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, watataka kujua dawa hiyo imesajiliwa lini. "Matamu balaa" mwachie. Muuzaji kujisifu hakujaanza leo, na hakuna anayedanganyika.

Kabla hujafungua kompyuta, mwombe karatasi: cheti cha Shirika la Viwango (TBS), majibu ya maabara, chochote kinachobeba neno analotaka liandikwe. Akisema atakuletea kesho, na wewe mwambie mchoro utakuwa tayari keshokutwa.