Usiitazame fremu peke yake: mafuta na dawa za kusafishia bastola ya plastiki

Siku moja nilikuwa nimemaliza kupaka rangi mlango wa uani, na thina ikabaki kidogo mkebeni. Nikaona isipotee bure. Bastola yangu, Glock 17, ilikuwa mezani, imefunguliwa, masizi yamejaa. Nikachovya kitambaa nikafuta mpaka nikaridhika. Fremu, yaani kiwiliwili cha plastiki chenye mpini, haikufanya kitu, ilitoka inang'aa. Lakini nilipokunja kitambaa nikaona doa jeupe, na nilipokitazama kilengeo cha mbele nikakuta ile nukta nyeupe imebaki nusu.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza ni dawa gani "haidhuru plastiki," humwambia swali lake ni jema ila halijafika. Plastiki ya fremu ndiyo ngumu kuliko vitu vingi vinavyoizunguka. Glock ilipokubaliwa na jeshi la Austria mwaka 1982, wengi waliidharau kwa sababu ya fremu yake, lakini plastiki hiyo ni ya jamii ya nailoni, na nailoni huvumilia mafuta na petroli vizuri. Inachochukia zaidi ni asidi kali. Kwa hiyo mtu hufuta fremu kwa kitu kikali, anaona haikuyeyuka, anaamini amepata dawa. Haoni rangi ya vilengeo, raba ya mpini aliyoongeza, kioo cha tochi, wala lenzi ya kilengeo cha umeme. Vioo vingi vya namna hiyo ni plastiki ya aina nyingine kabisa, na thina au asetoni huvitia ukungu usiofutika. Hata dawa ya mbu ya kujipaka yenye DEET hula plastiki nyingi, na sisi wa pwani tunaishi nayo mikononi. Nawa kwanza ndipo ushike vifaa vyako.

Spreyi ya kusafishia breki ndiyo inayosifiwa sana kwa sababu ni rahisi na kila duka la spea linayo. Mimi siitumii. Baadhi ya aina zake zina viyeyushi vya klorini, na mvuke wake si wa kuvuta ndani ya chumba kilichofungwa. Tena huondoa mafuta yote, hata yale membamba yaliyokuwa yanalinda chuma. Kwa anayeishi mbali na bahari huenda lisiwe jambo kubwa. Hapa Mombasa, hewa ya chumvi haingoji: springi na pini ndogo zinaweza kushika kutu upesi, ingawa slaidi yenyewe, ile sehemu ya chuma ya juu inayorudi nyuma, imetiwa ugumu kiwandani na haishiki kutu kirahisi. Petroli nayo niiseme kwa ufupi: inawaka, na ina benzini inayoleta saratani. Usiitumie.

Upande wa mafuta ndiko nilikoumia zaidi. Kwa mwaka mzima nilipuliza spreyi ya kufukuza maji kila mahali, hata ndani ya tundu la pini ya kufyatulia. Spreyi za namna hiyo ni nyembamba. Sehemu kubwa huruka hewani na kinachobaki hunata. Kikachanganyika na masizi kikawa kama ulimbo. Kisha siku moja uwanjani nikavuta triga, nikasikia "ta!" na risasi isitoke. Nikaielekeza bastola kwenye tuta, nikangoja, kisha nikaitoa risasi. Kwenye fataki, kile kidonge cha kuwasha baruti kilicho kwenye kitako cha risasi, palikuwa na alama hafifu, kama ya kucha. Fundi aliyeifungua alinionyesha ule uchafu kwenye ncha ya kijiti, nikanyamaza. Kwa mtu anayebeba bastola kwa ajili ya uhai wake, "ta" ile ni jambo zito.

Tundu la pini hukaa kavu. Chemba, mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, na ndani ya mtutu pia hukaushwa kabla ya kurudisha bastola kazini. Mafuta mepesi yana tabia ya kupenya. Yakiifikia fataki, risasi inaweza kukataa kulipuka.

Mafuta ya kupikia? Hapana. Yakikutana na hewa na joto huganda yakawa gundi, kama unavyoona pembeni mwa kikaango cha zamani. Mafuta ya nazi nayo huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mombasa yatakuwa maji, lakini safiri nayo mpaka Limuru mwezi wa saba uone yatakavyokuwa asubuhi. Oili chafu ya gari ina vumbi la chuma na asidi ndani yake. Hiyo mwachie wa mbao na mchwa.

Ninachotumia sasa ni kichupa kimoja cha mafuta ya bunduki yanayosafisha, kulainisha na kulinda kwa pamoja, yenye maandishi wazi kwamba hayaharibu plastiki wala raba. Ballistol ya Ujerumani nimeitumia miaka, harufu yake ni kali ila ni mpole kwa vifaa. Chupa ngeni huijaribu kwanza: tone moja ndani ya kitako cha magazini, naliacha mpaka kesho. Pakinata, pakibadilika rangi au pakilainika, siitumii. Dawa yenye amonia, ya kuondoa shaba inayoachwa na risasi mtutuni, siiachi ndani zaidi ya muda ulioandikwa, na haigusi kitu kingine.

Na ni matone tu. Kwenye Glock: kidogo juu ya mtutu kwa nje, kwenye njia za slaidi, na tone moja nyuma upande wa kulia wa fremu, pale chuma cha triga kinapogusana na konekta, kipande kidogo cha chuma cha mtambo wa triga. Ukiona mafuta yanachuruzika mkononi, umezidisha, na vumbi litakuja kukaa hapo.

Kabla ya yote hayo: Glock haifunguki mpaka uvute triga. Toa magazini kwanza, kisha rudisha slaidi nyuma, tazama chemba, itie kidole. Risasi zote ziwe chumba kingine. Elekeza mahali salama. Mimi hurudia mara mbili hata nikiwa peke yangu, na nitaendelea hivyo.

Jambo la mwisho ni la mwili wako. Lugha yetu inaita kitu cha kufyatuliwa na madini yake kwa neno moja, risasi, na madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto. Yamo ndani ya yale masizi, kwa sababu fataki nyingi zina madini hayo ya risasi. Kwa hiyo siifanyi kazi hii jikoni wala kwenye meza ya chakula. Naifanya barazani, upepo ukipita, nimevaa glavu. Vitambaa naviweka kwenye mfuko uliofungwa, nanawa kwa maji baridi na sabuni, nabadilisha shati kabla ya kumbeba mtoto. Mswaki wa kusugulia nimeuzungushia uzi mwekundu mpinini, na unakaa ndani ya kopo lenye kifuniko juu ya kabati, mbali na miswaki ya nyumbani.